Chai ya Moto kwa Mgeni Mwenye Haraka

Watu wengi walimsoma kabla ya kumwona. Ukutani kwake, kushoto kwa mlango, palikuwa na maandishi mekundu yaliyoonekana tangu kona ya duka la Mangi: NYUMBA HII HAIUZWI. Chini yake, kwa herufi ndogo: OGOPA MATAPELI. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo zaidi, maana nafasi ilikuwa imekwisha na yeye hakukubali neno lake liachwe: HATA AKISEMA NI MWANANGU. Maandishi hayo niliyaandika mimi. Katika kazi zangu zote ndiyo iliyosomwa na watu wengi zaidi, ingawa sidhani kama kuna aliyeipenda.

Sisi wapangaji tulimwita Mwenye Nyumba. Mbele yake tulimwita Mama. Jina lake ninalijua ila siliandiki, kwa sababu hakupenda litoke nje. "Jina ni kama ndoo," alikuwa akisema, "ukiisahau uani mtu ataogea." Mimi nimesoma darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililisoma kwa kuruka ruka, kwa hiyo nikivuruga mpangilio nisamehewe. Ninachojitahidi ni kutomsingizia. Nisipokumbuka, nitasema sikumbuki.

Nyumba ni ya kizamani: vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, ukumbi katikati, uani mwishoni. Kulia kuna ghorofa, kushoto ghorofa, nyuma ghorofa. Ukisimama uani na kutazama juu, mbingu inaonekana kipande tu, kama mkeka wa kuswalia. Madalali wa Kariakoo walipita pale wakiupima uso wa nyumba kwa hatua, huku wanajifanya wanaongea na simu. Mwenye Nyumba aliwatazama kutoka barazani na kuhesabu pamoja nao kwa sauti: "Kumi na moja, kumi na mbili. Umekosea, baba, rudia." Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho mtu angeweza kumwibia akaumia, na kitu hicho kilikuwa na mabati juu.

Siku ya kwanza aliponiita, nilimwambia bei yangu ni kwa herufi. Akahesabu kwa kidole hewani, kisha akasema tuondoe neno HII. "Nyumba haiuzwi. Mtu ataona mwenyewe ni ipi."

"Mama," nikamwambia, "ukiondoa HII watadhani unamsemea jirani."

Akanitazama. "Wewe mwizi, lakini una akili. Andika."

Niliandika tangu asubuhi hadi adhuhuri, jua limenikalia kisogoni. Wageni watatu walipita nikiwa juu ya ngazi, na wote walikaribishwa chai. Mimi sikupewa kitu. Hata maji. Nilivuka barabara nikaomba maji kwa Mangi, ambaye aliniuliza kama nimelipwa, nikasema bado, akasema basi kunywa pole pole. Jambo hili la chai nililiandika kwenye daftari langu siku ile ile kwa uchungu, na nalitaja mapema kwa sababu litarudi.

*

Chai yake haikuwa ukarimu. Au tuseme ilikuwa ukarimu na kitu kingine juu yake. Kila mgeni aliyekuja na karatasi, awe wa bima, wa maji, wa mchango wa kisima cha kijiji asichokijua mtu, alikalishwa kwenye mkeka ukumbini na kuletewa chai ya tangawizi katika kikombe cha bati. Bati, si udongo, kwa makusudi. Kikombe kile kilikuwa hakishikiki. Na chai yenyewe ilitoka jikoni bado inachemka. Kisha Mwenye Nyumba alikaa mbele ya mgeni, akakunja mikono, akangoja.

"Tapeli hana funguo," alitufundisha. "Ana haraka. Mwenye haki yake atangoja chai ipoe."

Nimeyaona haya kwa macho yangu. Kijana mmoja alikuja na kitambulisho kinaning'inia shingoni, akasema ametumwa kukagua mita na kuna faini ya kulipwa papo hapo. Aliletewa kikombe. Akakigusa, akakiacha. Akatazama mlango. Akasema ana nyumba nyingine kumi. "Kunywa kwanza, mwanangu." Akakinyanyua kwa ncha za vidole, akaunguza mdomo, akaondoka bila faini na bila kuaga. Kwa haki lazima niseme pia kwamba mwezi uliofuata fundi wa maji wa kweli kabisa aliunguzwa vile vile, akaondoka amekasirika, na tukakaa siku nne bila maji.

Lakini si kila aliyekuja na karatasi alikuwa mbaya, na hilo yeye ndiye aliyetuonyesha. Siku moja alifika baba mmoja wa kusini, godoro kichwani, mkononi ana stakabadhi. Alikuwa ameshalipia chumba. Chumba chenyewe kilikuwa changu, maana wakati huo nilikwishapanga, cha tatu kushoto. Aliyempangisha alimwonyesha nyumba kwa nje tu, jioni, akamwambia Mwenye Nyumba ni mama yake mzazi.

"Na maandishi ya ukutani hukuyasoma?" nikamuuliza.

"Niliyasoma," akasema. "Yanasema haiuzwi. Mimi nilikuwa napanga."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama kazi yangu ilikuwa na kasoro. Yule baba alipewa chai. Aliingoja mpaka ikapoa kabisa, machozi yanamtoka, wala hakuwa na pa kuwahi. Alilala ukumbini kwetu karibu wiki mbili hadi alipopata chumba Buguruni. Kama alitozwa kitu sikumbuki. Nadhani hakutozwa, kwa sababu angetozwa tungesikia.

*

Simu ilikuwa uwanja wake mwingine. Ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" aliujibu kila ulipoingia: "Ipi? Ya maziwa au ya msiba?" Halafu alingoja, miwani puani. Mara moja alipigiwa nikiwa namrekebishia kitasa, akaweka sauti ya nje ili nami nifaidi.

"Mama, mimi ni mwalimu. Mwanao ameanguka hapa shuleni, tumemkimbiza hospitali, wanataka hela ya vipimo sasa hivi."

"Ameangukia upande gani?"

"Upande wa... kulia, Mama."

"Afadhali. Amevaa nini?"

"Sare, Mama."

"Mwanangu ana miaka arobaini na moja. Bado mnamvalisha sare?"

Mimi nilitegemea simu ikatwe. Mwenye Nyumba akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Usikate, baba. Umekula?"

Kumbe hakuwa amekula. Wakazungumza mpaka salio la yule kijana likamwishia, na kwa mtazamo wa Mwenye Nyumba huo ulikuwa ushindi wa kwanza. Wa pili ni kwamba alipiga tena Ijumaa iliyofuata.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, tapeli wangu. Bado hujaacha?"

"Bado, Mama. Maisha magumu."

"Magumu kwa nani? Jana umemliza nani?"

Ikawa desturi. Ijumaa baada ya sala simu ililia, na sisi uani tulijua ni tapeli wa Mama. Alimshauri juu ya mke aliyerudi kwao, juu ya jino, juu ya kutafuta kazi ya kupakia mizigo. Mimi sikupenda. Nilimwambia, "Mama, huyu anakuzoea ili siku moja akumalize." Akanijibu kwamba hata mimi nilimzoea, na bado bei yangu ni kwa herufi. Nilimshuku kijana yule kwa miaka, na niliandika mabaya yake kwenye daftari hili zaidi ya mara moja. Yaliyokuja kutokea hayakumhusu hata chembe. Simjui jina, lakini namwomba radhi.

*

Sasa niseme na upande wake wa pili, maana mtu akisoma hadi hapa atadhani mama huyu hakuwahi kupigwa. Alipigwa. Alituhadithia mara nyingi kisa cha jirani yake aliyeuziwa simu barabarani, ya kwenye boksi, kwa bei ya kutupa, akafika nyumbani akakuta kipande cha sabuni ya mche. "Tena kimekatwa kwa kipimo," alimalizia kila mara, "kimekaa ndani kama yai. Mwenye mikono ile angekuwa fundi." Tulimcheka jirani huyo miaka mingi. Kisha siku moja alinituma sindano chumbani kwake, nikakuta anaziweka ndani ya boksi la simu, na boksi linanukia sabuni. Nilirudi na sindano, sikusema kitu. Naye aliniona sikusema kitu.

Na kulikuwa na wauza dawa wa vipaza sauti. Hapo alikuwa mtoto mdogo. Akisikia tu tangazo linakaribia, "miguu kuwaka moto, ganzi, macho, mume kutotulia," alishaanza kutafuta kandambili. Chupa moja ilitibu yote. Nikamuuliza, "Mama, la mume si halikuhusu? Marehemu ametulia."

"Chupa ni moja, Fundi," akasema. "Siwezi kuchagua."

Alizipanga dirishani, zote zimefunguliwa, zote zimeonjwa. Binti yake, anayeishi Morogoro, kila akija alizimwaga, na kila akiondoka zilianza kujipanga upya. Nilipomuuliza kwa nini anawaamini hao na hawaamini watu wa maji, alifikiri kidogo. "Kila nyumba ina dirisha moja lisilofunga," akasema. "La kwangu ni miguu." Miguu yake ilikuwa inamuuma kweli. Nalisema hilo kwa sababu tulizoea kucheka kabla ya kulikumbuka.

*

Kinga yake kubwa ilikuwa maswali. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na swali lake na yeye, la siri, ili ikitokea simu kwa namba ngeni, "Mama, nimepata ajali, nitumie," aulizwe kwanza. Swali la binti yake lilikuwa juu ya kuku fulani na harusi fulani, zaidi ya hapo sijui. Langu alinipa siku niliyohamia.

"Nikikuuliza, siku ya kwanza ulipokuja kwangu nilikupa nini, utasemaje?"

Nikaona aibu kumjibu. "Mama, labda ulisahau tu..."

"Nilikupa nini?"

"Hukunipa kitu. Hata maji."

"Hilo ndilo jibu." Akafurahi sana. "Tapeli yeyote atasema chai. Atasema maandazi. Hakuna atakayedhani kuna Mswahili wa kumwacha mgeni mkavu."

Na tangu siku hiyo hakunipa chai kabisa. Miaka kumi na miwili nimeishi ukumbi mmoja naye, nimepaka ukuta wake kila mwaka kabla ya mfungo, nimewaona watoza faini wa uongo wakinywa tangawizi yake, na mimi sikuonja. Futari alinipa, pilau ya msiba alinipa, uji nilipougua alinipa. Chai hapana. Nilidhani ni uchoyo umemganda mahali pamoja, kama rangi kwenye mdomo wa kopo.

Kisha, miaka michache iliyopita, miguu ilipomzidi na akaanza kutafuta miwani akiwa ameivaa, aliniita barazani akaongeza sharti ambalo hakuwapa wapangaji wengine. "Wewe ndiye mwenye brashi. Ukuta huo ukifutwa, utafutwa na wewe. Basi sikiliza. Siku nikija mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikakwambia futa, nyumba inauzwa, usifute. Niulize swali."

"Nikuulize wewe?"

"Mimi. Nikijibu sawa, ni mimi, futa. Nikikosea, basi aliyekuja si mimi, hata kama amevaa kanga yangu."

Nikamwambia sawa. Nililichukulia kama mafundisho yake mengine, kwamba mtu usiyemzaa akikuita mama mzazi, ingiza nguo ulizoanika.

*

Kisha akaja bwana mmoja na bahasha ya kaki na shati lililopigwa pasi hadi kola inang'aa. Alisema zamani baba yake alifanya kazi na marehemu mume wa Mama. Aliletewa kikombe cha bati. Nilikuwa mlangoni kwangu nakausha brashi, nikamwona: hakukigusa, hakutazama mlango, hakutazama saa. Aliongea habari za marehemu, za mvua, za Jangwani kujaa maji. Chai ilipopoa, akainywa yote, akaomba ya pili.

Nikaona Mwenye Nyumba amelegea mabega. Kipimo chake chote kilikuwa hapo, na mtu amekipita mara mbili.

Alikuja Alhamisi sita. Kila Alhamisi alingoja chai ipoe. Hapo ndipo nilipoanza kujua kosa la kipimo kile, ingawa sikuthubutu kulisema: kilimkamata tapeli mwenye haraka tu. Mwenye subira kilimkaribisha ndani. Kufikia Alhamisi ya nne bwana alikuwa anamwita Mama Mzazi, na nguo zetu zilikuwa zimeanikwa nje, na hakuna aliyeziingiza.

Habari yake ilikuwa tamu. Ghorofa ingejengwa, Mama apewe vyumba vya chini vyenye choo ndani asitembee mbali na miguu ile, na juu akusanye kodi. Kilichotakiwa ni hati ya nyumba tu, ya asili, aipeleke kuhakikiwa. Na maandishi ya ukutani yafutwe, kwa sababu benki haikopeshi kwa nyumba iliyoandikwa vile. Kwa haki: mpango wa namna hiyo upo, na kuna watu mtaani wamejengewa na wanaishi vizuri. Nilijiuliza mimi ni nani, mwandika kuta, nimzuie mama mzee asipate choo cha ndani.

Alhamisi ya sita wakaja wote wawili uani. Yeye ameshikilia mkono wa bwana.

"Fundi, chukua brashi. Futa."

Nikaichukua brashi. "Samahani, Mama. Siku ya kwanza nilipokuja hapa, ulinipa nini?"

Akamtazama bwana. Akanitazama mimi. Akanyoosha shingo.

"Nilikupa chai na maandazi. Kwangu mgeni haondoki mkavu."

"Ndivyo alivyo Mama yetu," bwana akacheka.

Nikaiweka brashi chini. "Basi siwezi kufuta."

"Hii nyumba ya nani?"

"Yako, Mama."

"Ukuta wa nani?"

"Wako."

"Brashi ya nani?"

"Brashi ni yangu, Mama."

"Basi ichukue brashi yako, na mwisho wa mwezi uondoke nayo."

Bwana akasema kwa upole mafundi wapo wengi, asijali, Jumamosi angekuja na wake, na hati angeichukua siku hiyo hiyo. Mimi niliingia chumbani nikakaa kitandani. Niliandika kwenye daftari: "Labda mimi ndiye mbaya." Neno hilo bado lipo, sijalikata.

Halafu nikaenda kwa Mangi, nikanunua vocha, nikampigia binti yake Morogoro.

"Wewe nani?"

"Fundi wa rangi, mpangaji wa Mama. Dada, kuna tatizo la nyumba."

"Swali lako?"

"Mimi na wewe hatuna swali, Dada. Langu ni la kwa Mama."

"Basi wewe tapeli." Akakata.

Nikapiga tena. "Usikate. Sitaki hela. Usitume hata senti. Njoo tu, kabla ya Jumamosi."

"Hutaki hela?"

"Sitaki."

"Hata ya vocha?"

"Ya vocha ninayo, ndiyo hii naimaliza."

Baadaye aliniambia hilo ndilo lililomtisha. Katika maisha yake hakuwahi kupigiwa simu kwa namba asiyoijua akaambiwa asitume kitu. Ijumaa jioni alishuka na mkoba wake, na jambo la kwanza alilofanya ni kumwaga chupa za dirishani.

Jumamosi bwana alikuja na fundi wake, ambaye aliachwa nje na ndoo ya rangi nyeupe. Mimi nilikuwa nafunga vyombo vyangu, mlango wazi, naona ukumbi wote. Mwenye Nyumba alimimina chai mwenyewe. Binti akamwamkia bwana vizuri sana.

"Mzee, tumefurahi. Basi Jumatatu twende wote ofisi ya serikali ya mtaa, Mama aseme mbele ya mwenyekiti. Hati tutaipeleka ardhi sisi wenyewe, na wewe ukiwepo."

"Hakuna shida. Ila Jumatatu nasafiri."

"Jumanne."

"Ni safari ndefu kidogo."

"Tutakungoja," binti akasema. "Sisi hatuna haraka."

Bwana akatazama saa. Kwa Alhamisi sita sikuwahi kumwona akiitazama. "Benki ndiyo yenye haraka," akasema, akasimama, akachukua bahasha yake. "Nitapita tena, Mama Mzazi."

Kikombe kilibaki mkekani, kimejaa, kinatoa mvuke. Mwenye Nyumba hakumwitikia. Alikitazama kikombe kile. Alikitazama mpaka mvuke ukakoma, na sisi wote tukasimama pale kama tunangoja maiti itolewe. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Ingizeni nguo."

Hatukumwona tena yule bwana. Tulisikia kwa madalali kwamba nyumba ya mtaa wa nyuma ilikuwa na wanunuzi wawili waliokutana mlangoni, kila mmoja na karatasi yake, na bahasha zao zilikuwa za kaki. Hati ya Mwenye Nyumba ilikuwa bado chini ya godoro. Binti aliondoka nayo.

Kuhusu mimi kuhama, nilidhani limekwisha. Nikamuuliza. Akasema, "Nilishasema mwisho wa mwezi." Hakuwa mtu wa kurudisha neno. Lakini siku ya kuondoka alinibebea beseni langu mwenyewe hadi barabarani, na miguu ile. Nikaenda Buguruni.

*

Mwaka mmoja na zaidi ukapita. Mfungo huu ulipokaribia nikapata ujumbe kwa namba nisiyoijua: "Fundi maandishi yamefifia. Njoo na brashi." Nikaipigia namba ile, haikupokelewa. Nikauangalia ujumbe siku mbili kama nyoka. Mwishoni nikasema kama ni matapeli, wataiba nini? Kopo? Nikaenda.

Alikuwa barazani, amepungua, kanga imemzidi. Alinitazama kama wanavyotazamwa watu wa bima.

"Shikamoo, Mama. Ni mimi, Fundi."

"Marahaba. Kila mtu ni fundi. Siku ya kwanza ulipokuja kwangu nilikupa nini?"

"Hukunipa kitu, Mama. Hata maji."

Kisha akasogeza miguu, nipite na ngazi.

Nilipaka hadi adhuhuri. Nikiwa kwenye HATA AKISEMA, nikajikaza nikamuuliza kutoka juu. "Mama, siku ile mbele ya yule bwana ulisema chai na maandazi. Ulisahau?"

Nimelifikiria swali hilo kuliko maswali yote ya maisha yangu. Huenda alisahau, umri ulikuwa umemfika. Huenda aliona haya kusema mbele ya mgeni wa heshima kwamba aliwahi kumnyima mtu maji. Na huenda, nasema huenda, alijua kabisa, hakuweza kujitoa mkononi mwa yule bwana, akajibu vibaya ili mimi nisifute. Siwezi kuapa kwa lolote kati ya hayo.

"Paka," akasema. "Herufi zako siku hizi zinalala."

Niliposhuka hakuwapo barazani. Nikasafisha brashi. Akarudi kutoka ndani pole pole, mkono mmoja ukutani, mwingine umefunikwa na pindo la kanga, na ndani ya pindo kuna kikombe cha bati. Juu ya kikombe, andazi.

"Ningekupa chai hata siku moja," akasema, "ningekuja kuchanganya siku. Kichwa changu nakijua."

Nikakipokea, kikaniunguza, nikakiweka chini. Nikakaa barazani kando yake. Mbele yetu Mangi alikuwa anafungua boksi za sabuni, dalali mmoja akapita anahesabu hatua na simu sikioni. Mwenye Nyumba hakuhangaika naye. Alikuwa ananitazama mimi, aone kama nitanyanyuka.

Sikunyanyuka. Nilingoja mpaka kikashikika.

"Kunywa," akasema. "Na mtu akikuuliza, sikukupa."